Namna ya Kuutembelea Mji wa Moshi kwa Kufuata Historia Yake

Watu wengi hufika Moshi wakiwa na shughuli nyingine: kupanda mlima, kwenda nyumbani Rombo au Machame kwa sikukuu ya Krismasi, kumpeleka mgonjwa KCMC, au kubadilisha gari tu kuelekea Arusha. Ndiyo maana mji wenyewe hupitwa kila siku na watu ambao wangeupenda kama wangejua wapi pa kuanzia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye siku mbili, viatu imara na hamu ya kuelewa, awe mgeni kutoka Mwanza au Dar es Salaam, au mzaliwa wa Kilimanjaro ambaye hajawahi kuutazama mji wake kwa makini.

Ushauri wangu mkuu ni kwamba usianzie mjini. Moshi tunayoiona leo, yenye stesheni, stendi na Mnara wa Saa, ni Moshi ya pili. Ya kwanza iko juu mlimani, mahali panapoitwa Old Moshi, na mji uliteremka kutoka huko kwa sababu ya reli. Anayeanza na maduka ya katikati ya mji huona majengo tu, bali anayeanza juu na kushuka kwa mpangilio ambao mambo yalitokea huona kwa nini kila jengo liko pale lilipo.

Wakati wa kwenda

Miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, si mizuri kwa safari ya aina hii, kwa kuwa njia za udongo mwekundu kati ya vihamba, yaani mashamba ya familia yanayozunguka nyumba za Wachagga, huwa tope linaloteleza na mlima hufunikwa na mawingu kwa siku nyingi mfululizo. Juni na Julai ni baridi, hasa ukishapanda juu ya mji, kwa hiyo sweta ni lazima. Agosti hadi Oktoba ndiyo miezi ninayoipendekeza kwa mtu anayechagua kwa uhuru. Kuelekea mwisho wa kipindi hicho mijakaranda ya Shanty Town huanza kuchanua, na barabara za mtaa ule hufunikwa na maua ya zambarau.

Desemba ina faida na hasara zake. Mabasi hujaa, vyumba hupanda bei, na foleni za magari hurefuka kwa sababu Wachagga wanaoishi kila pembe ya nchi hurudi nyumbani kwa pamoja. Hata hivyo, ndio mwezi ambao wazee huwa wamezungukwa na watoto na wajukuu, na masimulizi ya ukoo hutolewa bila kuombwa. Ikiwa una rafiki wa huko aliyekukaribisha, nenda Desemba bila kusita. Ikiwa huna, chagua mwezi mwingine.

Old Moshi kwanza

Ondoka mjini mapema, saa moja asubuhi ikiwezekana, kwa kuwa Kibo, kilele kirefu cha Mlima Kilimanjaro, huonekana vizuri alfajiri na mara nyingi hujificha kabla ya saa nne. Panda gari linalopita Kiboriloni, ambako soko la mitumba liko kando ya barabara kuu ya kuelekea Himo, kisha kutoka hapo chukua usafiri wa kupanda mlima kupitia Kikarara hadi Tsudunyi na Kidia. Bodaboda zipo, lakini mteremko ni mkali katika baadhi ya kona, kwa hiyo chagua dereva mtu mzima anayeijua njia na mkubaliane mapema nauli ya kwenda, kusubiri na kurudi. Mwenye miguu mizuri anaweza kupanda kwa gari na kushuka kwa miguu sehemu ya njia. Napendekeza afanye hivyo, maana mwendo wa miguu ndio unaomwonyesha mtu kihamba kilivyopangwa: migomba juu, mibuni chini yake, magimbi pembezoni mwa maji, na mfongo unaopitisha maji kutoka juu hadi shamba la mwisho.

Kabla ya kuingia popote, pita ofisi ya kijiji, msalimie mtendaji au mwenyekiti, na ueleze nia yako. Hatua hii wageni wengi huiruka, nayo ndiyo inayofungua milango yote mingine. Utapewa mtu wa kukuongoza, mara nyingi kijana au mzee wa eneo hilo, na itakupasa kumlipa kwa heshima mtakavyopatana. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba Wachagga huwazika wapendwa wao ndani ya kihamba. Njia ndogo unayoiona kati ya migomba huenda inapita uani kwa mtu na kando ya kaburi la baba yake. Piga hodi, usichume chochote, na usiguse masale yaliyopandwa kwenye mipaka na makaburini, kwa kuwa mmea huo ni alama ya amani, ya mpaka na ya kuombana msamaha.

Hapa ndipo ulipokuwa umangi, yaani utawala wa kichifu, wa Rindi, ambaye wazungu wa zama zake walimwita pia Mandara. Alikuwa mtawala mwenye akili kubwa ya kidiplomasia: mwaka 1885 alitia saini mkataba na Carl Jühlke kwa upande wa Wajerumani, na mwaka 1889 alituma wajumbe wake hadi Berlin. Alifariki mwaka 1891 na kumwachia kiti mwanawe Meli, aliyekuwa bado kijana. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, majeshi ya Meli yaliwashinda Wajerumani na kamanda wao, von Bülow, akauawa. Ushindi huo haukudumu. Mwaka 1893 Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda Meli, kisha wakahamishia kituo chao kikuu Moshi kutoka Marangu. Kwa maneno mengine, mji huu ulipata hadhi ya makao ya serikali kwa sababu ya vita, kabla hata kilo moja ya kahawa haijasafirishwa kutoka hapa.

Tsudunyi ndipo mahali ambapo ningekuomba ukae muda mrefu kuliko pengine popote katika safari hii. Wenyeji watakuonyesha mti ambao Mangi Meli alinyongwa tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine wa Wachagga, Wameru na Waarusha, akiwamo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Kwa mujibu wa masimulizi ya ukoo wake, kichwa cha Meli kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na familia yake imekuwa ikikidai kwa miongo mingi ili kizikwe kwa heshima. Madai hayo si hadithi ya zamani iliyokwisha. Mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba uliofanywa Berlin kwenye mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni uliwatambua ndugu walio hai hapa Kilimanjaro, wakiwamo wa familia ya mshauri mmoja wa Meli, ingawa fuvu la Mangi mwenyewe halikupatikana miongoni mwa hayo. Mtu anayesimama chini ya mti ule anapaswa kujua kwamba yuko kwenye msiba ambao haujafungwa. Vua kofia, zungumza kwa sauti ya chini, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usijipige picha ukicheka mbele yake. Anayeweza kufika tarehe 2 Machi ataikuta siku ya kumbukumbu yenyewe, na hiyo ndiyo sababu pekee inayonifanya niukubali mwezi wa Machi.

Ukiuliza ni nani aliyewasaliti viongozi wale kwa Kapteni Johannes, afisa wa Kijerumani wa wakati ule, utapata majibu tofauti kulingana na mahali unapouliza. Old Moshi watamtaja Mangi Marealle wa Marangu, aliyekuwa mshirika wa Wajerumani, na Marangu watakusimulia kwa namna nyingine. Msikilize kila mzee hadi mwisho, usimpinge kwa jambo ulilosoma, na andika jina la kijiji ulikosikia kila simulizi, kwa kuwa bila hilo kumbukumbu zako zitachanganyika.

Kutoka hapo endelea hadi Kidia, kwenye usharika wa Kilutheri. Misheni ya Leipzig ilifika Moshi mwaka 1896, na mmisionari wake aliyejulikana zaidi, Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliishi Kidia kwa miaka mingi akiandika sheria, methali na desturi za Wachagga alizosimuliwa na wazee. Mengi tunayoyajua leo juu ya maisha ya kabla ya ukoloni yalipita katika kalamu yake, na ni vizuri kuyasoma tukikumbuka kwamba alikuwa mtu wa kanisa mwenye mtazamo wake. Ukifika Jumapili, hudhuria ibada kwanza na uulize maswali baadaye.

Kushuka na reli

Sasa teremka mjini, na kituo chako cha kwanza kiwe stesheni ya reli. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911, baada ya kupita Mombo na Same, ikiwa na urefu wa kilomita 352. Wajerumani hawakuweza kuipandisha hadi Old Moshi, kwa hiyo makao ya wilaya ndiyo yaliyoshuka kuifuata, na mji mpya ukaanza kujengwa kwenye tambarare. Miaka mitano baadaye, Machi 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliiteka Moshi. Kabla ya mwisho wa vita Waingereza walikuwa wameunganisha reli hii na ile ya Voi kupitia Taveta na Kahe, na kwa njia hiyo kahawa ya Kilimanjaro ikapata mlango wa Mombasa pamoja na ule wa Tanga. Njia ya kwenda Arusha ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1920.

Treni ya abiria ilikaa kimya kwa zaidi ya miaka ishirini hadi iliporejea Moshi mwaka 2019. Ikiwa unatoka Dar es Salaam na huna haraka, ninakusihi uje kwa treni angalau mara moja, kwani ndiyo njia ya kuufikia mji huu kama ulivyokusudiwa kufikiwa. Safari hazipo kila siku. Ulizia ratiba Shirika la Reli Tanzania kabla ya kupanga jambo lolote. Ndani ya eneo la stesheni omba ruhusa kwa msimamizi kabla ya kutoa kamera.

Kutoka stesheni tembea hadi Mnara wa Saa. Ni mwendo mfupi na hauhitaji bajaji. Hapo mzunguko wa barabara unakupa majina ambayo sasa utayaelewa: kuna Barabara ya Boma, iliyobeba jina la ngome za Wajerumani, na kuna kichochoro cha Rindi, ambacho watu hukipita kila siku wakienda benki bila kumkumbuka baba yake Meli.

Baada ya hapo fuata Barabara ya Mawenzi na ile ambayo wenyeji huiita Double Road, ukitembea polepole na kutazama juu ya mabango ya maduka. Wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi waliofuata reli walijenga maduka chini na makazi juu, na ghorofa za juu bado zina roshani, nakshi za saruji, na katika baadhi ya majengo majina ya familia au mwaka wa ujenzi. Mandiri ya Wahindu na msikiti viko karibu karibu katika eneo hili, na kanisa haliko mbali. Katika msikiti na mandiri utakaribishwa ukiwa umevaa kwa staha na ukivua viatu, lakini usiingie wakati wa swala wala kupiga picha za watu wanaoabudu.

Soko Kuu na Mbuyuni hutembelewa vizuri asubuhi, kwa hiyo kama jua limekwisha kupanda yaachie siku ya pili. Nenda sokoni ukiwa na kikapu na nia ya kununua, kwani mama anayeuza ndizi ana sababu ya kuzungumza na mteja kuliko na mtu anayezurura. Mwombe akutofautishie mshare, unaopikwa mtori na machalari, na ndizi zinazotengwa kwa ajili ya mbege, ambayo huchanganywa na ulezi na kutiwa ukali kidogo na gome la msesewe. Kwa chakula cha mchana tafuta mama lishe anayepika mtori wa nyama ndani ya sufuria kubwa; utaufahamu kwa foleni ya madereva.

Moshi imejijengea sifa ya usafi, na sheria ndogo za manispaa kuhusu kutupa taka hazichukuliwi kwa mzaha. Chukua mfuko wako wa taka, na usitupe hata tiketi ya basi.

Kahawa na ushirika

Ghorofa la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, liko karibu kabisa na Mnara wa Saa, na kwa maoni yangu ndilo jengo lenye maana kubwa kuliko yote mjini. Mibuni ililetwa Kilimanjaro na wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na kwa muda walowezi wa Kizungu walitaka kilimo chake kiwe chao peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, mtawala wa wilaya Charles Dundas aliwahimiza Wachagga walime kahawa kwenye vihamba vyao, walowezi wakalalamika, na mwaka 1925 wakulima wenyewe wakaunda chama chao, kikiongozwa na Joseph Merinyo wa Old Moshi. Msomaji aliyeanza safari yake juu mlimani ataona mara moja uzito wa jambo hilo: robo karne tu baada ya Meli kunyongwa, mtu wa Old Moshi alikuwa akiongoza maelfu ya wakulima kupigania haki ya kuuza zao lao. Mwaka 1933 chama hicho kilifuatwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, yaani KNCU, ambacho ni miongoni mwa vyama vikuu vya ushirika vikongwe zaidi barani Afrika. Elimu ya watoto wengi wa Kilimanjaro ilisimama juu ya gunia la kahawa lililopita kwenye mizani ya vyama vyake vya msingi.

Ili uielewe kahawa kwa mpangilio, anza asubuhi kijijini wakati wa mavuno, uone matunda mekundu yakichumwa na kumenywa, kisha rudi mjini, ambako kuna kiwanda cha kukoboa na makao makuu ya Bodi ya Kahawa Tanzania. Sehemu hizi ni za kazi, si za maonyesho, kwa hiyo andika barua au piga simu mapema ukieleza wewe ni nani na unataka kuona nini. Wanafunzi na walimu hupata nafasi kwa urahisi zaidi. Usipopata, kunywa kikombe cha kahawa ya hapa hapa katika mmoja wa migahawa ya mjini, na uulize imetoka chama gani cha msingi. Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza kama chuo cha ushirika mwaka 1963, kiko pembezoni mwa mji na kinakamilisha simulizi hii kwa mwenye muda.

Kuna jambo jingine ambalo Moshi hailitangazi vya kutosha. Februari 1963 mji huu ulipokea mkutano wa mshikamano wa watu wa Afrika na Asia, na Machi 1979 vikundi vya Waganda waliomkimbia Idi Amin vilikutana hapa, vikaunda umoja uliomchagua Yusuf Lule kuongoza serikali iliyoingia Kampala mwezi uliofuata. Waulize wazee wa mjini, hasa waliokuwa watumishi wa hoteli na wa serikali wakati ule, na utasikia mambo ambayo hayajaandikwa.

Mahali pa kuongeza ukiwa na muda

Marangu inastahili nusu ya siku ya pili. Kutoka stendi panda gari la Himo na Marangu Mtoni, kisha tembelea mapango yaliyochimbwa na Wachagga ili kuficha watu na mifugo wakati wa vita vya umangi na mashambulizi ya Wamasai. Mapango ni membamba na yana giza, kwa hiyo mwenye shida ya kifua au hofu ya mahali finyu abaki nje asikilize maelezo. Maporomoko ya Kinukamori yako karibu. Katika lango la hifadhi la Marangu kuna kumbukumbu ya Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, na ni haki kuwakumbuka pia waongozaji wa Kichagga, akiwamo Yohani Kinyala Lauwo, ambaye jina lake huhusishwa na safari hiyo.

Msitu wa Rau, nje kidogo ya mji, unafaa kwa asubuhi tulivu. Kuna mivule mikubwa na mti adimu wa msoo, na mashamba ya mpunga yako jirani. Materuni huko Uru ina maporomoko mazuri na wageni wengi, kwa hiyo nenda siku ya katikati ya wiki. Chemchemi za Chemka ni za kuogelea, na zinastahili siku nyingine.

Popote utakapokwenda mlimani, panga kuanza kushuka kabla ya saa kumi na moja jioni, kwani magari hupungua, ukungu huteremka haraka, na bodaboda ya usiku kwenye mteremko wa Old Moshi si kitu cha kumshauri mtu. Beba noti ndogo kwa nauli na kwa mwongozaji wako, chaji simu usiku uliotangulia, na acha namba ya mtu wako kwa mtendaji wa kijiji ikiwa unatembea peke yako.